Doto Hakufunzwa Kuamka

Saa tisa usiku, Februari, nje kidogo ya Valmiera,
ng'ombe mia tatu na kumi na wawili
wanajua kwamba ni wakati wa kukamwa.
Kompyuta haijui.
Imekaa ofisini juu ya pipa la chumvi,
uso mweusi, mstari mmoja mweupe:
sioni pa kuanzia.

Raitis, miaka kumi na tisa, amesimama na soksi moja.
"Umefanya nini?" auliza Dzidra, akikung'uta theluji kwenye buti.
"Iliniuliza kama nataka mfumo mpya.
Nikabonyeza Ndiyo. Ikajizima ili ijiwashe."
Nani hajabonyeza Ndiyo?
Ndivyo mbachao unavyotupwa, Ijumaa jioni,
kwa msala upitao ukimeremeta.

Dzidra hakemei. Miaka ishirini aliunganisha simu kwa mkono,
waya huu, tundu lile, akajifunza
kwamba apigaye kelele hapati laini.
Atoa flashi kwenye kikopo cha vifungo,
aiwasha mashine kwa roho ya kuazima.

Diski mbili mle ndani ni pacha.
Zina majina yake ya kiwandani, herufi na tarakimu;
mimi naziita Kulwa na Doto.
Alichoandikiwa Kulwa, Doto naye aliandikiwa:
maziwa ya Zīle, homa ya Brūkle,
ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma.
Mzee Haralds ndiye aliyewafunga pamoja,
mmoja akifa, mwingine asimulie.
Ila neno la kuamka, lile fupi
linalotangulia maneno yote,
alimwachia Kulwa peke yake.

Na Kulwa amekufa tangu Oktoba.

Mashine haikunyamaza. Kila alfajiri iliandika barua:
Mmoja wetu hayupo.
Barua mia moja na kumi na nane,
zote kwa anwani ya Haralds,
aliyezikwa Septemba.
Ilgvars, mwanawe, azisoma juu ya bega la Dzidra,
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kisha atoka kwenda kukagua ndoo
zisizohitaji kukaguliwa.

Nje, dereva wa lori la maziwa apiga honi.
Bila orodha ya waliochomwa sindano
hawezi kupakia hata tone.

Dzidra amkusanya Doto, aingia ndani yake
kama aingiaye nyumba ya mtu aliyelala,
viatu mkononi.
Amfundisha neno. Azima. Awasha.
Safari hii yaamka, yakohoa, yafika sebuleni,
kisha yasimama: diski ya mizizi haipo.
"Ipo," asema Dzidra, kwa Kilatvia cha kuongea na mbuzi.
"Umeikalia."

Ni ule mkoba mdogo ambao mfumo hubeba uamkapo;
mfumo mpya ulifunga wake kwa pupa,
ukasahau karatasi isemayo hawa wawili ni mmoja,
na hata akibaki mmoja, bado ni wao.
Ufunguo ulikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa.
Arudi kwa flashi. Akagua faili, herufi kwa herufi.
Alama moja ya reli mwanzoni mwa mstari,
na mstari mzima ulikuwa bubu.
Aifuta. Aufunga mkoba upya.

Awasha.

Hakuna asemaye.
Feni. Taa ya kijani.
Kisha majina, Zīle juu kabisa.
Brūkle ana alama nyekundu: maziwa yake yamwagwe.
Lori laondoka saa kumi na moja kasoro.

"Barua je?" auliza Dzidra. "Nifute anwani ya mzee?"
Ilgvars anafuta miwani ambayo ni safi.
"Iache. Yangu iandike chini yake."

Diski mpya itafika Jumanne kutoka Riga,
na hiyo nayo itafunzwa neno.
Mpaka hapo Doto abeba peke yake.
"Usiiguse," Dzidra amwambia Raitis,
ambaye bado hajaipata soksi.
"Hata ikikuuliza."